Kipande cha Nta Kilichovuka Taveta

Saratani ya kaka yangu Mwakio ilikuwa imejificha nyuma ya pua, mahali ambapo palikwisha kuchunguliwa bila kuonekana kitu, na kilichotuelekeza huko ni kirusi. Kirusi chenyewe ni cha kawaida kiasi kwamba huenda hata wewe unayesoma unacho mwilini. Kilikutwa ndani ya uvimbe wa shingo, na kwa kukikuta tu, daktari akajua kamera aielekeze wapi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikitazama kioo. Alipokipata kile kidude nilipiga kelele kama shabiki wa mpira, na muuguzi akaniambia nikishindwa kujizuia nitoke nje.

Tangu turudi mmeniuliza sokoni, kanisani na kwa simu ilikuwaje. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Nimeketi niandike mara moja, kituo baada ya kituo. Habari za barua za rufaa na mihuri nitaziruka. Zilikuwepo, zikatutesa, zikaisha.

Marungu

Mwakio ndiye mkubwa wangu. Ni fundi wa mitambo katika shamba la mkonge la Marungu, na katika kwaya ndiye anayeshikilia sauti ya chini. Asipokuja Jumapili, nyimbo zinaelea tu juu kama nguo kwenye kamba.

Uvimbe ulitokea chini ya sikio la kulia, mgumu, usiouma. Kwetu uvimbe wa namna hiyo mara nyingi huwa kifua kikuu. Akapewa dawa za kifua kikuu, akazimeza bila kukosa, na uvimbe ukaendelea kukua. Ndipo kikakatwa kipande kikapimwa. Majibu yalisema ni saratani, lakini haikuanzia shingoni. Imetoka mahali pengine. Wakaangalia mdomo, koo, pua, mapafu, wasione ilikotoka.

"Bila kujua ilikoanzia," daktari wa Voi alituambia, "mionzi itabidi ipigwe koo zima, na bado tunaweza kupakosa penyewe."

Mwakio akauliza kama ataimba tena. Daktari akasema ndiyo sababu anataka chanzo kijulikane kwanza. Kuna kipimo cha virusi, akasema, kinachofanywa kwenye kipande kilekile kilichokatwa. Hospitali aliyokuwa na uhakika nayo ilikuwa ng'ambo ya mpaka, Moshi.

Kuna jambo moja nililiona kabla ya safari, nalo nilieleze hapa. Wiki chache nyuma binti yake, Wakesho, alikuwa anaondoka kwenda chuo Eldoret, nami nikaenda Marungu kumuaga. Sisi ni watu wa kanisa, lakini kwetu Wataita mtoto wa Kidawida haondoki nyumbani mkavu. Baba humtasia. Hupiga funda la maji, akamnyunyizia kwa mdomo huku akimtamkia heri, hasira zote zitoke kifuani, njia iwe nyeupe. Mwakio alifanya hivyo. Mara ya kwanza vizuri. Mara ya pili alinyunyiza, akageuka, akafuta mdomo haraka, akamwaga maji yaliyobaki nyuma ya jiko. Kikombe chenyewe alikiosha mwenyewe, mtu ambaye sijawahi kumwona akiosha kijiko.

Nikaona pia kwamba leso yake, ambayo maisha yote ilikuwa nyeupe, sasa ilikuwa nyekundu iliyokoza. Nilimuuliza.

"Vumbi la mkonge," akasema. "Nyeupe haifai kazini."

Nikaliacha hapo. Fundi ana haki ya kuchagua leso.

Voi hadi Mwatate

Hapa kwetu sampuli husafirishwa na ndugu. Kijana wa maabara aliniwekea mkononi kibonge cha nta, chembamba, hakifikii hata kiberiti kwa ukubwa. Katikati kuna doa jeupe. Hilo doa ndilo Mwakio, kile kipande kilichokatwa shingoni.

"Dada, haihitaji barafu," akaniambia. "Inahitaji kivuli. Ikiyeyuka, utakuwa umebeba mshumaa."

Nilikifunga kwa karatasi nikakitia ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia uliooshwa. Katika mkebe mwingine kama huo mke wa Mwakio alitufungia kimanga, maharagwe yaliyopondwa na mihogo, kwa sababu Mwakio alikuwa hawezi tena kutafuna nyama. Sikufikiria zaidi kuhusu mikebe hiyo. Ningefikiria, ningeokoa jasho.

Gari letu lilikuwa lori dogo, kanta ya Mama Kioko, Mkamba mwenye duka la ndizi Voi, ambaye huiendesha mwenyewe hadi soko la Taveta. Alituketisha mbele, mimi katikati. Tulipomaliza kona za Mraru alinitazama nilivyoushika mkebe kifuani.

"Na hiyo umekumbatia ni nini? Keki ya arusi?"

"Ni kaka yangu," nikasema.

Akamtazama Mwakio dirishani. "Na huyu?"

"Huyu ni yeye pia. Humu ndani ni kipande chake."

"Woi! Kipande cha mtu kwa gari ya ndizi!" Akapiga usukani. "Basi nauli ni ya watu watatu."

"Huyo wa mkebe ni mtoto," Mwakio akasema. "Mtoto halipi."

Walicheka mpaka Mwatate. Mimi nilikuwa nikimtazama kaka yangu. Kila Mama Kioko alipozungumza, aligeuza shingo yote ili sikio la kushoto lielekee kwake. La kulia, alisema, lilikuwa kama limejaa maji ya mtoni tangu mvua zilizopita.

Maktau

Mbele ya Maktau tulikuta malori yamepanga foleni. Tembo walikuwa wamevunja bomba la maji kando ya barabara, na maji yamegeuza upande mmoja wa lami kuwa bwawa. Wenyewe walikuwa bado pale, wanakunywa bila haraka. Watu wa karibu nao walikuwa wamekuja na mitungi, wakisimama mbali kidogo kungoja zamu yao baada ya tembo. Hakuna aliyeshangaa. Mwanamke mmoja alikuwa akiwasemesha: "Maliza basi, mzee, wengine tuna mapishi."

Jua lilikuwa limepanda na ndani ya kanta palikuwa tanuri. Niligusa mkebe, una joto. Nikaufungua, nikabonyeza nta kwa ukucha: ukucha ukaacha alama. Mama Kioko alishuka, akachukua gunia la kufunikia ndizi, akalilowesha kwenye lile bwawa huku akiwatupia tembo jicho, akalikunja na kulisukuma chini ya gari kivulini. "Mlete mtoto hapa," akasema. Tukaulaza mkebe ndani ya gunia.

Foleni haikusogea. Watu wakaanza kutoa vyakula. Dereva wa lori lililokuwa nyuma yetu, kijana wa Taveta, alikuja kuomba chochote kwani alitoka Mombasa bila kula. Mwakio, ambaye hajui kumnyima mtu, akamwambia: "Kuna kimanga kwenye mkebe, jisaidie." Kijana akainama chini ya gari.

Mimi nilikuwa upande wa pili nikitazama tembo. Nilisikia tu sauti ya Mwakio, ile sauti ya kwaya, ikinguruma: "Wacha! Wacha! Huyo ni mimi!"

Kijana alikuwa ameshafungua karatasi na kukishika kibonge kwa vidole viwili, akikinusa.

"Mzee, hii ni jibini?"

"Ni shingo yangu!"

Alikirudisha kwa heshima niliyowahi kuiona kanisani tu. Alipoelezwa vizuri aliketi chini akacheka, kisha akasema mama yake alikuwa na uvimbe kama huo na hakuna aliyewahi kuwaambia umetoka wapi. Akakataa kimanga. Baadaye nikamwona anakula, Mwakio akiwa amemshikia mkebe.

Mpakani

Mama Kioko alituacha Taveta sokoni, katikati ya milima ya ndizi mbichi, na tukakodi gari kuvuka Holili. Afisa mmoja alitaka kuona mkebe.

"Nini hiki?"

"Nyama," Mwakio akajibu kabla sijamzuia.

"Nyama haivuki."

"Si ya kupika."

"Ya nini basi?"

"Ni yangu. Nimetoka nayo mwenyewe."

Nikatoa barua. Afisa akaisoma, akakitazama kibonge, akautazama uvimbe wa Mwakio, akarudia kibonge. Kisha akafunga mkebe vizuri kuliko nilivyoufunga mimi. "Nendeni mkaonane na huyo daktari kabla hajatoka," akasema. "Na wewe mzee, ukiulizwa tena, sema sampuli."

Moshi

Mapokezi yalituchekesha. Binti wa mapokezi alimwambia Mwakio "Shikamoo," naye akajibu "Mzuri sana." Binti akarudia, taratibu, akidhani hakusikia. Mwakio akageuza sikio la kushoto: "Mzuri kabisa, na wewe?" Nikamnong'oneza aitikie marahaba. Kuanzia hapo alisema marahaba kwa kila mtu, hata kwa bawabu mzee aliyetuuliza tu tunatafuta nani.

Kungoja kulikuwa kurefu. Chakula kilikuwa mtori, ndizi zilizochemshwa na kupondwa kuwa uji mzito wa nyama, na kwa mtu mwenye taya linalouma ilikuwa ni rehema. Mwakio alikula mabakuli mawili. Alisema Wachaga wanajua ndizi na Mama Kioko aje ajifunze.

Daktari wetu alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, Mchaga, mwenye kusema polepole. Nilimuuliza kirusi kinahusianaje na shingo, naye akaeleza kama mwalimu.

"Seli zilizoko shingoni kwake ni wageni. Zimetoka kwao zikahamia pale. Mimi siwezi kuona njia waliyopita, ila naweza kupekua mizigo yao. Kuna virusi wa aina mbili tunaowatafuta. Mmoja ni yule anayesababisha saratani ya mlango wa kizazi. Tukimkuta kwenye uvimbe wa shingo, tunakwenda kutafuta kwenye tezi za koo na shina la ulimi. Wa pili tukimkuta ndani ya seli zenyewe, tunakwenda nyuma ya pua."

"Na msipokuta wowote?"

"Basi tunatafuta kama tulivyokuwa tukitafuta."

Kibonge kilikatwa vipande vyembamba kuliko karatasi ya Biblia, vikabandikwa kwenye vioo, vikatiwa rangi ya kumnasa kila kirusi. Siku majibu yalipotoka, daktari alituita wote wawili maabara, jambo ambalo sikulitegemea. Akaniambia nichungulie kwenye darubini.

Kioo cha kwanza kilikuwa rangi ya waridi iliyopauka, hakuna kitu. "Huyo wa kwanza hayupo," akasema. Akabadilisha. Kioo cha pili kilijaa nukta za buluu nzito, nyingi, zimetapakaa kama mbegu za wimbi kwenye ungo. Kila nukta, akasema, ni seli ya saratani yenye kirusi ndani.

Nikamwita Mwakio aone. Alitazama kwa muda, jicho moja limefumbwa.

"Wote hao ni wangu?"

"Wote."

"Na wanasema wametoka puani?"

"Nyuma ya pua. Juu ya koo, mahali ambapo mtu hawezi kujiona. Ndipo pia kuna mlango wa sikio." Daktari akavuta kiti akaketi karibu yake, upande wa kushoto. Alikuwa ameshagundua sikio linalosikia. "Baba, kwenye karatasi zako zote umeulizwa kama unatokwa damu puani. Zote umejibu hapana. Nakuuliza tena."

Mwakio akasema hapana.

Daktari hakubishana naye. Alielekeza kidole tu kwenye kile kioo chenye nukta. Hapo nikauona mkono wa kaka yangu ukienda mfukoni, ukaitoa ile leso nyekundu, ukaiweka mezani.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu kabla ya uvimbe. Asubuhi, nikivuta kamasi, inashuka kooni." Alikuwa akiongea na leso. "Mghoi, dada yangu, ulikuwepo. Nilipomtasia mtoto mara ya pili, maji yalitoka na damu. Ningesema nini? Mtu amemtasia binti yake damu, amwache aende Eldoret nayo? Mama yake angemrudisha njiani. Wazee wangetaka kujua nina hasira gani na mtoto. Nikaona ninyamaze, na nikishanyamaza kwa mama yake, sikuweza kusema kwa daktari. Maneno yanatembea."

Daktari alivua miwani, akaifuta.

"Hata kwetu mababu walibariki kwa mate," akasema. "Ungeniambia, ningekuelewa."

"Basi niambie na hili. Kirusi hiki kinakaa wapi?"

"Kwenye mate, kwa kawaida."

Mwakio akainua kichwa. "Nimempulizia mtoto."

"Nisikilize, baba. Mtoto wako huenda alikipata kabla hajaota meno yote, kwa kulishwa kijiko kimoja na wenzake. Mimi ninacho. Dada yako bila shaka anacho. Watu wengi kabisa wanacho, na kinalala tu maisha yote. Kwa wachache sana ndiyo kinahusika na ugonjwa huu, tena kikisaidiwa na mambo mengine. Saratani yako haiambukizi. Hukumpa mtoto kitu kwa kumwombea heri."

"Kweli?"

"Kweli."

Akapumua kwa namna ambayo sijamsikia akipumua tangu mwaka uanze.

Nyuma ya pua

Kamera iko kwenye ncha ya mpira mwembamba, nao hupitishwa tundu la pua. Dawa ya ganzi ilimfanya Mwakio azungumze kama mtu mwenye mafua. Daktari alipitisha mpira kwa utulivu, akipita palepale walipopita wengine. Kwenye kioo niliona pango jekundu linalong'aa, kuta laini, kila kitu kikiwa sawasawa.

"Wenzangu hawakukosea," akasema. "Ukipita haraka, pako sawa." Akaizungusha ncha kuelekea kona ya kulia, nyuma ya kijilima cha mlango wa sikio, kwenye mfereji mwembamba. Akangoja. Akamwambia Mwakio avute pumzi kwa pua.

Mfereji ukafunguka kidogo, na ndani yake kulikuwa na kinundu chenye mikwaruzo, hakizidi punje ya hindi, na mshipa mdogo wa damu juu yake.

"Huyu hapa," akasema daktari.

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Mwakio, mpira ukiwa bado puani, akainua kidole gumba. Najua si kawaida mtu kushangilia kuonyeshwa saratani ya kaka yake. Lakini muda wote ule tulikuwa tukipigana na kitu kisichokuwa na nyumba, na sasa nilikuwa nikiiona nyumba yake, kona gani, mlango upi. Kilichukuliwa kipande kidogo, na maabara wakasema ni ndugu wa zile seli za shingo, na kirusi ni kilekile.

"Sasa nina mahali pa kulenga," daktari alituambia. "Aina hii mionzi huiweza vizuri kuliko nyingi, ikiwa bado iko hapa na shingoni."

Mwakio akauliza habari ya sauti. Akajibiwa kwamba koo litakauka, litauma, chakula kitakosa ladha kwa muda. Lakini kisanduku cha sauti kiko chini, na kwa kuwa panajulikana pa kupiga, watajitahidi kukikwepa. Hakutoa ahadi. Mwakio alishukuru kama aliyepewa ahadi.

Kurudi

Tulirudi na Mama Kioko, ndizi nyuma, lile bomba la Maktau likiwa limekwisha kufungwa kwa mpira wa tairi. Alipoambiwa kilichokutwa alipiga honi ndefu katikati ya pori.

Kabla ya Bura, Mwakio aliniomba simu. Alimpigia Wakesho, akaweka sauti ya juu kwa ajili ya sikio lake. Akamweleza yote, na la damu akalisema mwisho, taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo wenye vioo.

"Daddy," Wakesho akasema, "hiyo si mimi niliona?"

"Uliona?"

"Ilikuwa kwa sweta yangu. Nikadhani umejiuma ulimi. Sweta niliosha, niko nayo hapa hosteli, hata sasa nimeivaa, kuna baridi huku. Sasa hiyo ndiyo ulikuwa unaficha? Daddy, surely!"

Mama Kioko alicheka mpaka akapunguza mwendo. Mwakio alijaribu kumkemea mtoto kwa kumjibu vibaya mzazi, akashindwa katikati ya sentensi.

Ninaandika nikiwa Voi. Mwakio yuko Marungu, amekwisha kuombewa ruhusa kazini, na safari ya mionzi imepangwa. Mkewe anamlisha kila kinacholainika. Jumapili iliyopita aliimba, ameketi, bila kuficha leso.

Limebaki moja. Kabla hatujaondoka Moshi alipigwa picha ya kifua, ini na mifupa, ili ijulikane kama wale wageni walisimama shingoni au waliendelea na safari. Daktari alisema ataisoma na wenzake, kisha atapiga simu. Alipopiga jana usiku nilidhani ndiyo majibu ya mwisho. Alisema mapafu ni safi na mifupa ni safi. Kwenye ini kuna kivuli kidogo. Kinaweza kuwa uvimbe wa maji ambao mtu huzaliwa nao, kinaweza kuwa kitu kingine, na wanataka kukitazama upya kwa kipimo kingine Mwakio akifika. Nimemwambia leo asubuhi. Aliniuliza kama na hicho kivuli kinaweza kupimwa kirusi, ijulikane kama nacho kimetoka puani. Nilimpigia daktari nikamuuliza. Alisema inawezekana, wakifanikiwa kukifikia.